Anayetaka kuchunga sahani ya mchezaji aijaze kwanza

Siku ya mechi, barabara zinazoelekea uwanja wa Kibassa Maliba, katika komini ya Kenya mjini Lubumbashi, hunukia chakula kabla ngoma hazijaanza kusikika. Akina mama wanageuza mikate katika mafuta, vijana wa michopo wanapepea moto wa makala, na wapenzi wa kabumbu wanapita, wengine na rangi ya bluu na manjano ya Saint-Éloi Lupopo, wengine na nyeusi na nyeupe ya TP Mazembe. Kila mmoja anakula anachotaka, kadiri mfuko wake unavyomruhusu. Hakuna anayemuuliza.

Anayeulizwa ni yule atakayekimbia katikati ya uwanja. Akipoteza mpira dakika ya 75, jukwaani utasikia: "Huyu alikula bukari ya kupita kiasi." Akishikwa na misuli, watasema alilala baa. Akiwa mwembamba, wanasema hali vizuri. Akinenepa, wanasema pesa zimemlevya. Tumbo la mchezaji limekuwa mali ya kila mtu, na kila mtu ana maoni juu yake.

Ndiyo maana swali hili linarudi kila msimu: je, timu ina haki ya kuamua mchezaji wake ale nini, ale lini, na aache nini? Wapo wanaosema ndiyo bila kusita, kwa sababu timu ndiyo inayolipa. Wapo wanaosema mtu mzima hachungwi kama mtoto. Pande zote mbili zina ukweli ndani yake. Lakini katika mji kama Lubumbashi kuna swali la kwanza ambalo pande zote mbili huliruka: nani anakijaza chungu?

Kazi ya mchezaji ni mwili wake

Tuanze na upande wa timu, kwa sababu hoja yake ni nzito. Dereva wa lori la shaba hawezi kunywa lutuku asubuhi kisha adai kwamba tumbo ni lake. Mwili wa mchezaji ndicho chombo chake cha kazi, na chombo hicho kikiharibika hapotezi yeye peke yake. Wenzake 10 uwanjani wanapoteza, kocha anapoteza, na maelfu ya watu waliolipa tikiti wanapoteza.

Katika mechi moja mchezaji wa kati hukimbia na kutembea umbali wa kilometa 10 hadi 13. Nguvu za kazi hiyo zinatoka kwa sehemu kubwa katika akiba ya wanga iliyohifadhiwa ndani ya misuli. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba wachezaji wanaoanza mechi na akiba ndogo hukimbia umbali mdogo zaidi, hasa kipindi cha pili, na hutembea pale ambapo wenzao wanakimbia. Kwa hiyo yule anayesemwa kuwa mvivu dakika ya 75 huenda si mvivu hata kidogo. Huenda hakula vya kutosha jana yake.

Mfano unaotajwa zaidi ulimwenguni ni wa Arsène Wenger. Mfaransa huyo alipofika Arsenal mwaka 1996, alikuta timu ya Uingereza iliyozoea bia, chokoleti na vyakula vya mafuta. Alileta samaki, kuku, mboga za kuchemsha na maji mengi. Wachezaji walinung'unika, inasimuliwa kwamba ndani ya basi waliimba wakidai warudishiwe chokoleti zao. Msimu wa 1997-98 walichukua ubingwa wa ligi na kombe la FA pamoja. Manung'uniko yakaisha.

Pep Guardiola alipofika Manchester City mwaka 2016 alikwenda mbali zaidi. Beki Gaël Clichy alieleza kwamba mchezaji aliyerudi na uzito wa kupita kiasi hakuruhusiwa kufanya mazoezi na kikosi cha kwanza, na kwamba piza na baadhi ya maji ya matunda viliondolewa. Mwaka 2021 magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba Antonio Conte, alipochukua Tottenham, aliondoa mchuzi wa nyanya wa chupa na mayonezi mezani.

Kuna sababu nyingine, na hii inagusa hata jina la mchezaji. Sheria za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni zinasema kila mchezaji anawajibika kwa kitu chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua kimeingiaje. Mwaka 2011, wachezaji 5 wa timu ya taifa ya Mexico, akiwemo kipa Guillermo Ochoa, walikutwa na dawa ya clenbuterol wakati wa kombe la Gold Cup. Baadaye walisafishwa, kwa sababu ilionekana dawa hiyo ilitoka katika nyama waliyokula. Kama nyama ya hoteli inaweza kumweka mtu katika hatari hiyo, sembuse mizizi na unga wa dawa usiojulikana umechanganywa na nini.

Na katika Afrika chakula ni silaha pia. Oktoba 2024, ndege ya Super Eagles ya Nigeria ilielekezwa kwenye uwanja wa Al Abraq nchini Libya badala ya Benghazi, na wachezaji wakakaa hapo zaidi ya masaa 12 bila chakula. Waliondoka bila kucheza. CAF iliwapa ushindi wa mabao 3-0 na kuitoza Libya faini ya dola 50,000. Timu nyingi za bara hili husafiri na mpishi wake na maji yake, na baada ya kisa kama hicho hakuna anayeweza kuzicheka.

Basi hoja ya kwanza inakubalika. Ndani ya kambi, safarini na siku ya mechi, timu ina haki ya kuamua chakula. Tena si haki tu, ni wajibu.

Bukari si adui

Tatizo linaanza pale viongozi wanapochukua orodha ya vyakula vya Ulaya na kuibandika ukutani Lubumbashi. Mchezaji anasoma majina ya samaki wa bahari ya kaskazini na mboga ambazo hazipo soko la Kenya, na ujumbe anaoupata ni mmoja: chakula cha mama yake ni kibaya.

Si kweli, na ushahidi uko karibu. Mwaka 2004 kulichapishwa uchunguzi juu ya chakula cha wakimbiaji 10 mashuhuri wa nchi ya Kenya, ile ya Afrika Mashariki ambayo komini hii inashiriki nayo jina. Zaidi ya robo tatu ya nguvu zao zilitoka katika wanga, na chakula kikuu kilikuwa ugali, yaani bukari. Waliongeza maharage, mboga, maziwa, na chai yenye sukari. Watu hao ndio wanaoshinda mbio ndefu za dunia.

Hesabu inasema vilevile. Wataalamu waliokusanywa na UEFA wanashauri mchezaji ale gramu 6 hadi 8 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake siku moja kabla ya mechi. Mchezaji wa kilo 70 anahitaji basi gramu 420 hadi 560. Unga wa mahindi una karibu gramu 75 za wanga katika kila gramu 100. Kama angetegemea bukari peke yake, angehitaji zaidi ya nusu kilo ya unga mkavu, na hata kufikia robo tatu ya kilo, kwa siku moja. Mtu anayemwambia mchezaji aache bukari ili awe mwepesi anamnyima mafuta ya gari kisha anashangaa gari kusimama njiani.

Upande wa kujenga misuli, ushauri ni gramu 1.6 hadi 2.2 za protini kwa kila kilo ya uzito. Kwa mchezaji yuleyule ni gramu 112 hadi 154 kwa siku. Hapa ndipo sahani ya Lubumbashi mara nyingi ina pengo, kwa kuwa bukari ni nyingi na kitoweo ni kidogo. Lakini dawa yake haitoki Ulaya. Ndakala wakavu ni kati ya vyakula vyenye protini nyingi zaidi sokoni. Maharage yapo, karanga zipo, mayai yapo, tomson yupo. Sombe na lengalenga hutoa yale ambayo unga hautoi.

Kinachohitaji kurekebishwa ni wakati na kipimo. Bukari kubwa yenye mafuta mengi saa moja kabla ya mechi itamlaza mchezaji. Bukari ileile, masaa 3 au 4 kabla, na mchuzi mwepesi, itambeba hadi dakika ya 90. Sombe iliyopikwa kwa mafuta mengi ya mawese inafaa sana siku ya mapumziko kuliko asubuhi ya derbi. Hayo ni mambo ya kufundisha, na yanaweza kufundishwa na mpishi wa hapa hapa kwa lugha ya hapa hapa, bila kumfanya mtu aone haya juu ya chakula alichokulia.

Pale udhibiti unapovunja

Sasa upande wa pili. Historia ya kabumbu ina mifano ya kutosha ya udhibiti ulioumiza, na ya mabadiliko yaliyokuja bila amri.

Kolo Touré, beki wa Côte d'Ivoire, alikuwa Manchester City mwaka 2011 alipokutwa na kitu kilichokatazwa. Hakuwa akitafuta nguvu za wizi. Alikuwa amemeza vidonge vya kupunguza uzito vya mke wake. Alifungiwa miezi 6. Huyo alikuwa katika timu tajiri kuliko karibu zote duniani, yenye madaktari kila kona. Kisa chake kinaonyesha jinsi wasiwasi juu ya mizani unavyoweza kumpeleka mtu kutafuta njia ya mkato kwa siri, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mahali ambapo mchezaji anapimwa mbele ya wenzake na kuchekwa, lakini hapati mtu wa kumweleza ale nini, siri za namna hiyo zitaongezeka.

Halafu kuna imani. Aprili 2023, kocha Antoine Kombouaré wa Nantes nchini Ufaransa alimwacha nje beki Jaouen Hadjam kwa sababu alifunga Ramadhani siku ya mechi. Kocha alisema ni chaguo la mchezaji, lakini kuna kanuni. Ng'ambo ya bahari, Uingereza, mechi za ligi kuu zimekuwa zikisimama kidogo jua linapozama ili wachezaji Waislamu wafuturu. Kazi ni ile ile, mwili ni ule ule, lakini majibu ni mawili tofauti kabisa.

Jambo hili si la mbali. Lubumbashi ina Waislamu. Ina Wakimbanguisti wasiogusa pombe wala nguruwe, na Waadventista wenye miiko yao. Ina pia makanisa mengi ya uamsho ambako waumini hufunga siku 3 bila chakula, na pengine bila maji, na mchezaji anaweza kufanya hivyo hasa kwa sababu mechi kubwa inakaribia na anaomba ushindi. Kocha anayegundua asubuhi ya mechi kwamba mshambuliaji wake hajala tangu juzi ana haki ya kukasirika. Lakini akimtukania imani yake, mwezi ujao mchezaji atafunga kimyakimya, na kocha hatajua lolote. Anayejua mapema anaweza kupanga: kupunguza mazoezi, kuhamisha chakula usiku, au kumweka mchezaji benchi bila aibu. Anayedanganywa hawezi kupanga chochote.

Na wapo waliobadilika wenyewe. Lionel Messi alieleza mwaka 2018 kwamba kwa miaka mingi alikula vibaya: chokoleti, biskuti tamu za Argentina, soda. Wakati huo huo alikuwa tayari amekusanya Ballon d'Or kadhaa katika klabu iliyokuwa na kila kitu. Alibadilika alipoona mwili wake unamlalamikia, na alipopata mtaalamu aliyemwamini. Akahamia kwenye samaki, nyama, mboga na saladi.

Mwaka 2021, kipa Lee Grant wa Manchester United alisimulia kuhusu chakula cha usiku wa kuamkia mechi, Cristiano Ronaldo alipokuwa amerudi katika timu. Vitamu viliwekwa mezani kama kawaida. Hakuna mchezaji aliyegusa. Hapakuwa na kocha aliyekataza. Walikuwa wametazama sahani ya Ronaldo. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na ndani ya timu walezi wa kweli ni wachezaji wakubwa. Kapteni anayekula vizuri ana nguvu kuliko karatasi kumi zilizobandikwa ukutani.

Chungu cha nyumbani

Lakini mifano yote hii, ya kukubali na ya kupinga, inatoka mahali ambapo mshahara unafika mwisho wa mwezi. Wenger aliondoa chokoleti, ndiyo. Ila aliiweka samaki mahali pake. Jiko lilikuwa la klabu, mpishi alilipwa na klabu, na mchezaji alitoka mazoezini akiwa ameshiba. Hicho ndicho kipande cha hadithi ambacho wengi wanaosifu nidhamu yake hapa kwetu wanakisahau.

Katika kabumbu ya Congo, malalamiko ya mishahara na posho zinazochelewa si habari mpya. Ni ya zamani kiasi kwamba yamo hata katika Kombe la Dunia la 1974. Kikosi cha Zaïre kilichokwenda Ujerumani Magharibi kilikuwa na wana wa Lubumbashi ndani yake: kipa Kazadi Mwamba, Bwanga Tshimen aliyekuwa mchezaji bora wa Afrika wa 1973, na Mwepu Ilunga, wote wa Mazembe. Walifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Dunia ilimcheka Mwepu alipokimbia kuupiga mpira wa adhabu wa Wabrazil. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba wachezaji walikuwa wamejua hawatalipwa pesa zao. Walikuwa wamechungwa kila kitu, isipokuwa mfuko.

Leo, mbali na timu chache zenye mkono mrefu, kuna vijana wengi wanaocheza ligi na madaraja ya chini ambao hurudi nyumbani kwa miguu baada ya mazoezi. Nyumbani hapo mchezaji hali peke yake. Yumo baba, yumo mama, wamo wadogo zake, pengine na watoto wa dada. Babula moja, sufuria moja. Siku ambazo makala ni ghali na mfuko wa unga umepanda bei, kwa sababu mpaka wa Zambia umebana mahindi, familia inakula mara moja. Mchezaji aliyekimbia masaa 2 jua likiwa kali anakula kile kile anachokula mdogo wake aliyekaa kivulini, na akiongezewa nyama mbili zaidi, macho yote ya watoto yanamfuata.

Huyo ndiye anayeambiwa asile hiki, asile kile. Amri hiyo haina maana kwake. Mtu hawezi kuchagua pale ambapo hakuna cha kuchagua. Na yule anayempiga faini kwa sababu ya uzito, huku akimdai miezi 2 ya mshahara, anamwadhibu kwa umaskini ambao yeye mwenyewe amesaidia kuuleta. Kanuni za FIFA, tangu 2018, zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi 2 kuvunja mkataba, baada ya kuipa klabu onyo la siku 15. Kanuni hiyo inafundisha jambo moja: wajibu wa timu unatangulia.

Hata bia inaonekana tofauti ukiitazama kutoka hapa. Ni rahisi kumlaumu kijana anayekunywa Simba yake baada ya mechi, na ni kweli pombe inachelewesha misuli kupona. Lakini mara nyingi chupa hiyo hununuliwa na mpenzi wa timu mwenye furaha, na chakula hakinunuliwi na mtu yeyote. Mji unaompa mchezaji chupa 5 bure na kumnyima sahani moja hauna haki ya kushangaa matokeo.

Mfuko mmoja kwa wiki

Kwa hiyo timu ifanye nini? Mapendekezo yasiyowezekana hayamsaidii mtu. Hili linawezekana: chakula kimoja baada ya kila mazoezi.

Tuhesabu kwa kikosi cha watu 25. Gramu 200 za unga kwa kila mchezaji ni kilo 5 kwa siku. Timu ikifanya mazoezi siku 5, ni mfuko mmoja wa kilo 25 kwa wiki. Maharage makavu gramu 80 kwa kila mmoja ni kilo 2 kwa siku. Ndakala wakavu gramu 40 ni kilo 1. Mayai mawili kwa kila mchezaji ni mayai 50. Ongeza mafungu ya lengalenga, nyanya, vitunguu, chumvi, mafuta kidogo na maji safi. Sahani hiyo inampa mchezaji zaidi ya gramu 150 za wanga na zaidi ya gramu 50 za protini, karibu theluthi ya mahitaji yake ya siku, katika ule muda ambao misuli inahitaji sana kujazwa.

Mama mmoja kutoka soko la Kenya, mwenye sufuria kubwa na msaidizi wake, anaweza kuipika kazi hiyo. Akipewa mafunzo ya usafi wa maji na ya vipimo, atakuwa na faida kwa timu kuliko vifungu vingi vya faini. Timu itakuwa imejua mchezaji amekula nini angalau mara moja kwa siku, na hiyo ndiyo njia nzuri zaidi ya udhibiti: kumlisha.

Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, kanuni zinaweza kufuata. Ziandikwe katika mkataba, zisomwe kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi, wala zisizuke katikati ya msimu kocha mpya anapofika. Zihusu kambi, safari na masaa 24 kabla ya mechi. Zikataze pombe katika muda huo, na zikataze vidonge au dawa za mizizi ambazo daktari hajaziona. Uzito upimwe faraghani, na daktari azungumze na mchezaji kabla ya kocha kujua. Miiko ya dini iulizwe siku ya kwanza, iandikwe, iheshimiwe.

Nje ya hapo, mlango wa nyumba ni mlango wa nyumba. Kuna viongozi wanaotuma watu kuchungulia mchezaji anakula wapi na nani, na wanaita kazi hiyo nidhamu. Matunda yake ni uongo. Kipimo cha timu kiwe uwanjani: anakimbia au hakimbii, anapona haraka au hapone. Mchezaji mzima anayejua kwamba atapimwa kwa kazi yake atajifunza kujichunga. Na asiyejifunza, benchi ipo.

Wapo watakaosema timu ndogo haina hata huo mfuko mmoja wa unga. Huenda ni kweli. Basi timu hiyo iseme ukweli huo mbele ya wachezaji wake, na iache kuwatoza faini za tumbo. Kuna wafanyabiashara mjini wanaotafuta jina, kuna wapenzi wanaochanga pesa za ngoma na jezi. Kuwaomba mfuko mmoja wa unga kwa wiki hakutakuwa aibu. Kumwacha kijana wa miaka 19 akimbie kilometa 10 tumbo likiwa tupu, kisha kumzomea, ndiyo aibu.

TP Mazembe imechukua ubingwa wa Afrika mara 5, na mwaka 2010 ilifika fainali ya Kombe la Dunia la klabu, kitu ambacho hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imekifanya kabla yake. Lubumbashi inajua basi kwamba mtoto wa hapa anaweza kusimama mbele ya yeyote. Wadogo wa wachezaji wale wako leo katika vichochoro vya Kenya, Kamalondo na Katuba, wanapiga mpira hadi giza linaingia, kisha wanakimbilia nyumbani kuona kama sufuria iko motoni. Timu itakayowasajili kesho itataka kujua wanakula nini. Jibu litategemea sana kile ambacho timu hiyo itakuwa imeweka mezani.